Tuma kwa Zote

Kiwandani walimwita Bwana Kufuli. Jina lilianza kwa mzaha, lakini yeye alilichukua akalivaa kama suti, maana alijua amelitolea jasho. Aliingia pale akiwa kijana wa kufagia mabaki ya bati. Akasoma masomo ya jioni kwa miaka saba huku wenzake wakimcheka kwamba anatafuta miwani, na sasa, kichwa kikiwa kimejaa mvi, alikuwa na chumba chake cha vioo juu ya ukumbi wa mitambo. Kutoka dirishani aliziona presi zote sita zikikata bati na kulikunja kuwa vifuniko vya mitungi. Kila presi iliongozwa na kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya sanduku la chuma, na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kiendeshi, yaani programu inayosimama kati ya kompyuta na chuma chenyewe, ikipokea habari huku na kutoa amri kule. Presi zote sita zilitumia kiendeshi kimoja, na alikiandika yeye.

Kila mtu aliyeajiriwa katika chumba cha vioo alilishwa somo lake siku ya kwanza, apende asipende.

"Huu ni ubao," alikuwa akisema, akichora mraba ukutani. "Umeandikwa habari za presi. Karani wa kwanza anakuja, anausoma, anakwenda mezani kwake kunakili yote aliyoyasoma na kuongeza la kwake. Kabla hajamaliza, karani wa pili anakuja, anausoma ubao uleule, anaongeza neno lake, anaondoka. Sasa yule wa kwanza anarudi, anafuta ubao wote na kuandika nakala yake. Habari ya karani wa pili iko wapi?"

"Imefutika."

"Na mwenye kosa ni nani?"

Wengine walijibu wa kwanza, wengine wa pili.

"Hakuna hata mmoja! Kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa. Mwenye kosa ni yule aliyewapa ubao mmoja bila mlango wenye kufuli. Akiingia mmoja, afunge. Akitoka, afungue. Mwingine asubiri nje, hata kama ni mkurugenzi."

"Kama chooni," mmoja wao alisema siku moja.

"Chooni ndiko nilikojifunzia," akajibu Bwana Kufuli, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mdogo wa mkewe alifanya kazi chini ukumbini, presi namba nne, mwaka wa tisa sasa. Alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono na wa ulimi, na kila asubuhi walipokutana getini hakumwacha apite salama.

"Shemeji, leo umefunga nini tena? Usije ukamfungia dada yangu kabatini."

"Dada yako hafungiki. Nimejaribu miaka thelathini."

"Nitamwambia!"

"Mwambie. Chakula cha leo nimeshakula."

Ndivyo walivyotaniana hata Jumatatu ile. Saa nne kasorobo, presi namba nne ilishuka mkono wa shemeji yake ukiwa ndani. Ilichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Jambo hilo halikupaswa kuwezekana. Mbele ya kila presi palikuwa na nguzo mbili fupi, na kati ya nguzo hizo ulipita mwanga usioonekana ambao wafanyakazi waliuita pazia. Mkono ukikatiza pazia, taa nyekundu inawaka juu ya nguzo, na presi haishuki, hata mtu akanyage pedali kwa miguu yote miwili. Kwa hiyo msimamizi wa ukumbi alipokagua nguzo na kukuta gundi kavu karibu na jicho la pazia, kile kioo kidogo kinachotoa mwanga na kuupokea ukirudi, alikuwa ameshapata jibu kabla damu haijafutwa sakafuni. Aliandika kwamba mwendeshaji aliziba jicho kwa seloteipu ing'aayo, mwanga ukalirudia jicho kama kwamba hakuna mkono, ili afanye kazi haraka. Wapo waliowahi kufanya hivyo miaka ya nyuma. Uzembe. Na mzembe wa namba hiyo hufukuzwa, tena kwa barua inayomfuata kila atakakoomba kazi.

Jioni ile Bwana Kufuli alipomaliza kula alisema neno ambalo baadaye angetamani kulimeza.

"Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Na mdogo wangu anayo?"

Bwana Kufuli akainuka kunawa mikono. Alikuwa mtu wa kupima kwanza.

Jumanne asubuhi alikwenda hospitalini. Shemeji yake alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko, umeinuliwa kama wa mtu anayeomba kuuliza swali.

"Usiniangalie hivyo, shemeji. Nimebakiza viwili, vya kukufinya vinatosha."

Bwana Kufuli alijaribu kucheka, uso ukamkatalia.

"Niambie ilivyokuwa," akasema. "Polepole."

"Bati lilikaa upande. Nikaingiza mkono kulinyoosha, na mguu nao, unajua mguu wangu, umeshazoea, ukakanyaga. Lakini taa iliwaka. Niliiona nyekundu, shemeji. Iliwaka, halafu presi ikashuka."

"Taa iliwaka kwanza?"

"Iliwaka." Akafumba macho. "Au labda sijui. Msimamizi amekuja hapa, ameniuliza kuhusu seloteipu mara kumi. Mtu akikuuliza mara kumi, unaanza kujitafuta mifukoni."

Bwana Kufuli alitoka pale akiyarudia maneno yale. Ikiwa taa iliwaka, basi jicho halikuzibwa. Jicho liliuona mkono, likatoa habari, na habari ikapotea njiani kabla ya kufika kwenye chuma. Na kati ya jicho na chuma hapakuwa na mtu mwingine. Palikuwa na kiendeshi chake tu.

Alipofika chumba cha vioo alikifungua kiendeshi kabla ya kuvua koti. Hakutafuta sana, kwa sababu mahali penyewe alipajua. Palikuwa ni pale pazia na pedali vilipoandika habari zao kwenye neno moja la kumbukumbu, ubao mmoja, makarani wawili. Juu ya mistari hiyo aliacha maelezo kwa mkono wake mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, kwa majivuno ya mtu aliyefuzu: *Hapa kufuli halihitajiki. Nimezima kengele.*

Na wakati ule ilikuwa kweli. Kompyuta ya zamani ilikuwa na kichwa kimoja cha kufikiri. Pedali ilipotaka kusikilizwa ilipiga kengele, na kichwa kikaacha kilichokuwa kikifanya kikaisikiliza. Ukizima kengele kwa kitambo kidogo, kichwa kinamaliza kuandika habari za pazia bila kusumbuliwa. Kuweka kufuli juu yake ilikuwa sawa na kujifungia mlango katika nyumba unayoishi peke yako, na Bwana Kufuli, mtu wa makufuli kuliko wote, alijisifu kwa kujua mahali pa kutoliweka.

Lakini mwaka uliopita kompyuta za zamani zilikoma kupatikana. Zikaletwa mpya, za vichwa viwili. Meneja, ambaye watu walimwita Tai kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila tai shingoni, alimuuliza swali moja tu: "Mzee, kiendeshi chetu kitafanya kazi vilevile?" Bwana Kufuli akakijaribu siku tatu, hakikukosea hata mara moja, akatia sahihi. *Vilevile.*

Hakufikiria kwamba sasa nyumba ina wakazi wawili. Kichwa cha kwanza kilizima kengele yake. Cha pili kiliendelea kuisikia ya kwake, kikaja kuandika habari za pedali juu ya zile za pazia, na presi ikaona pedali tu.

"Mjinga wee," alijiambia kwa sauti, na wenzake wakainua macho wakidhani amemtukana mtu.

Kujua hakukutosha. Mkaguzi kutoka nje angekuja Ijumaa saa nne, na mkaguzi hataki dhana. Alikuwa ameshapiga simu kuagiza presi namba nne isitumike wala isizimwe, kwa kuwa angeisoma kumbukumbu yake kwa chombo chake mwenyewe. Ni Bwana Kufuli aliyemweleza Tai maana ya agizo hilo. "Ndani yake kuna habari za mishuko mia mbili ya mwisho. Jicho linaweka hesabu yake kando, na ubao una yake. Zikipingana, tumejua. Msiizime, zitapotea." Chini ukumbini wakaizungushia kamba na kubandika karatasi.

Naye akaanza kulitafuta kosa mezani. Alichukua kompyuta ya akiba, akaweka balbu mahali pa kisu, iwake pale kisu kingeshuka, akatengeneza chombo cha kuigiza mkono na pedali vikifika karibu kwa pamoja, mara tano kila sekunde. Ndani ya kiendeshi akaongeza mstari wa kuandika kila hatua, apate kuona. Jumanne mpaka jioni hakuona kitu. Jumatano, mishuko elfu sitini, hakuna. Kosa lilikuwa kama mtoto mtundu ambaye ukimtazama ametulia, ukigeuka sahani imevunjika.

Jumatano jioni, akikusanya vitu vyake aondoke, ndipo alipoelewa, akaketi tena. Ule mstari wa kuandika ulikuwa ukichukua muda. Kidogo mno, lakini ulikichelewesha kichwa kimoja, kingine kikapata nafasi ya kumaliza, na visigongane. Kumtazama mtundu ndiko kulikomtuliza. Na mwaka uliopita, katika zile siku tatu za majaribio, mstari huohuo ulikuwemo. Aliuondoa mwishoni, kwa kupenda usafi, kabla ya kukipeleka kiendeshi kwenye presi.

Alhamisi akauondoa tena. Badala yake akaunganisha waya kwenye chombo cha kupimia umeme, ambacho hakimchelewishi mtu. Saa nane mchana, katika mishuko elfu arobaini na moja, balbu iliwaka mara mbili wakati haikupaswa kuwaka. Mara mbili mkono ulikuwa ndani na presi ikashuka.

Kwa dakika moja alifurahi. Alitaka kuita watu. Halafu akainua macho, akatazama dirishani. Chini, kwenye presi tano, watu watano walikuwa wakiingiza mikono na kuitoa, wakiingiza na kuitoa, wakipiga soga.

Hakuna aliyewahi kumwona akiandika haraka namna ile. Kufuli lenyewe lilikuwa mistari minne. Alilijaribu kwa saa nzima, hata mara moja halikuachia. Kisha akafungua ukurasa wa kupeleka toleo jipya. Kompyuta ikauliza: presi ipi? Hilo halikuwa swali kwake. Kanuni aliitunga yeye, na kwa miaka yote hiyo aliwagombeza watu kwa ajili yake: presi sita, toleo moja, asibaki mkiwa. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye *Tuma kwa zote*.

Nukta sita za kijani ziliwaka, moja baada ya nyingine.

Aliteremka ngazi akitaka kuwaona kwa karibu watu wale watano, mikono yao. Alipita namba moja, mbili, tatu. Akafika kwenye kamba. Karatasi ilisema: *Usiguse. Usizime. Ushahidi.*

Akaisoma mara mbili. Kila toleo jipya lilipoingia, jambo la kwanza lilikuwa kufuta kumbukumbu ya zamani, ili hesabu zisichanganyike. Hilo nalo alilipanga mwenyewe. Alijishika kwenye kamba, kamba ikalegea. Jicho lilikuwa limeandika, mkaguzi alikuwa njiani kuja kusoma, na yeye, kati ya hao wawili, alikuwa ameufuta ubao.

Alimwendea Tai akamweleza yote, bila kujitetea. Tai alisikiliza huku akinyoosha tai.

"Kwa hiyo presi sasa ni salama?"

"Ni salama."

"Umeokoa watu, mzee. Shukuru."

"Nataka kusema kesho. Mbele ya mkaguzi."

"Sema. Nani anakuzuia?" Tai alitabasamu bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomtisha. "Sema yote."

Kesho yake akasema yote. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mtaratibu. Aliunganisha chombo chake kwenye presi namba nne, akangoja, akasoma sifuri.

"Nani ameifuta?"

"Mimi. Lakini ninacho kiendeshi cha zamani, nimekihifadhi. Kosa liko ndani yake, nitakuonyesha mstari wenyewe."

"Na wewe na mwendeshaji mna uhusiano gani?"

"Ni shemeji yangu."

Kalamu ilisimama. Msimamizi wa ukumbi akakohoa kidogo na kutazama dari.

"Naweza kukuonyesha mezani," Bwana Kufuli alisema upesi. "Uone kwa macho yako. Likitokea mbele yako, uhusiano wangu una neno gani?"

Mkaguzi alitazama saa. Alikuwa na kiwanda kingine cha kwenda. Akampa saa moja na nusu, na hiyo kwa huruma. Wakakaa wote wanne, Tai naye akiwamo, mbele ya balbu, kama watu wanaongoja yai lianguliwe. Hesabu ilipanda. Elfu tano. Elfu kumi. Bwana Kufuli, ambaye maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu kuzuia kosa hilo, aliliomba sasa litokee. Mara moja tu. Waka, aliiambia balbu moyoni, waka, mwanangu. Elfu ishirini. Elfu ishirini na saba.

Haikuwaka.

"Wakati mwingine hukawia," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mchuuzi anayekimbiza gari lililokwisha ondoka.

Mkaguzi aliwasubiri Tai na msimamizi watoke kwanza.

"Mzee wangu, nakuamini. Lakini nikiandika ninachokiamini, watakitupa. Naandika nilichokisoma, na nilichokisoma ni sifuri. Kama usingeigusa…"

"Najua."

"Kama ungetuma kwa zile tano tu."

"Najua, mama. Najua."

Ripoti ilisema chanzo hakikuthibitika, na kwamba inaelekea jicho lilizibwa na mwendeshaji. Barua ya kufukuzwa ilitoka siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana. Bwana Kufuli aliandika ya kwake, ya kuacha kazi. Tai aliisoma akamrudishia. "Nani atakijua kiendeshi kile, mzee? Unataka waumie wengine?" Bwana Kufuli akaitia mfukoni, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

Jumamosi mchana alikwenda nyumbani kwa shemeji yake. Mkewe alikuwa ametangulia tangu Ijumaa na hakurudi kulala. Alimfungulia mlango, akampisha kama anavyopishwa mtu wa kusoma mita, akarudi jikoni. Maji yalisikika yakimiminwa, kisha hayakusikika.

Shemeji alikuwa mezani, barua imekunjwa mbele yake.

"Nimekuja kukwambia," alisema Bwana Kufuli. "Hukuziba jicho. Taa iliwaka kweli. Kosa lilikuwa kwenye kiendeshi changu, nimeliona kwa macho yangu Alhamisi. Na ushahidi uliokuwa ukusafishe, nimeufuta mimi."

Aliyasema yote bila kupumua. Mwanamke hakuinua macho.

"Nimeshaanza kukumbuka," akasema.

"Kukumbuka nini?"

"Seloteipu. Naiona. Ya rangi ya kahawia, naikata kwa meno."

"Hukuikata, shemeji. Haikuwepo."

"Naiona."

"Haikuwepo! Ni mimi. Nitasimama getini niwaambie watu wote, mmoja mmoja."

"Usiseme hivyo." Sasa alimtazama, na ndani ya macho yale hamkuwa na utani hata wa kuazima. "Ukisema ni mimi, najua cha kufanya. Najilaumu, nalia, nalala. Mtu hujizoea. Lakini ikiwa ni wewe, nitamwangaliaje dada? Nitakuja kwenu kula nikae wapi? Niliuleta mkono huu kwako kila siku miaka tisa, nikauingiza, nikijua shemeji yangu yuko juu ananiangalia. Acha iwe seloteipu."

"Siwezi kuacha iwe uongo."

"Mbona waliweza wote?"

Jikoni hakukusikika kijiko wala sufuria. Mkewe alikuwa amesimama huko akisikiliza kila neno, na hakutoka.

Hatimaye shemeji alivuta mtungi wa jamu uliokuwa mezani, akaubana kati ya kifua na ule mkono wa bendeji, akajaribu kuzungusha kifuniko kwa mkono wa kushoto. Kiliteleza. Akajaribu tena, meno yameumana, na tena. Kisha akausukuma mtungi juu ya meza mpaka kwa Bwana Kufuli.

"Nifungulie," akasema.

Kilikuwa kifuniko cha kiwanda chao. Ukingoni, kwa herufi ndogo, palikuwa na namba ya presi iliyokikata, na Bwana Kufuli hakutaka kuisoma. Alikizungusha, kikalia, kikafunguka. Akamrudishia mtungi, na kifuniko akabaki nacho mkononi, maana hakujua akiweke wapi.